Sungura akihamia Sotik, ujanja wake utamfaa nani?

Likizo ya Aprili ilinikuta Sotik, nyumbani kwa dadangu. Jioni moja mvua ilinyesha, stima ikapotea, na binti yake aliye Gredi ya Nne akaniomba hadithi. Nilianza kama nilivyoanziwa mimi nikiwa mdogo: Paukwa! Akaitikia Pakawa! bila kusita, maana hilo wamefunzwa shuleni. Nikamleta Sungura, nikamleta Simba, nikataja mti wenye asali. Kabla sijafika popote akanikatiza.

“Lakini anko, huyo Sungura alikuwa anakaa kwa kizimba ya nani?”

Mwalimu wa ngeli angemrekebisha papo hapo: kizimba cha nani. Mimi nilinyamaza, kwa sababu swali lilikuwa zito kuliko kosa. Nyuma ya jikoni pale pana kizimba cha mbao na waya, na ndani yake sungura wanne weupe wanaolishwa nyasi na majani ya sukuma wiki. Wakinenepa, mmoja huuzwa, mwingine huliwa. Kwa mtoto yule, sungura ni mnyama mwenye mwenyewe. Yule mwingine wa rangi ya vumbi, anayechomoka nyasini na kutokomea kabla hujamtazama vizuri, hajawahi kumwona. Na atamwonea wapi? Kilima hiki ni chai, kile ni chai, na palipobaki nafasi pamepandwa mahindi au nyasi za ng’ombe wa maziwa.

Juma hili nataka tulichukue swali la mtoto huyo kwa uzito. Sungura wa hadithi zetu akihamia Sotik ya leo, ataishi vipi? Na wale wanaomwandika upya kwa ajili ya watoto wa kizazi hiki, je, wanamtendea haki?

Jina moja, wanyama wawili

Tatizo la kwanza ni la lugha yenyewe. Kiswahili kina neno moja, sungura, kwa wanyama wawili tofauti. Wa kwanza ni sungura wa porini, mwenyeji wa Afrika. Huyu hachimbi shimo. Hulala kwenye kijibonde kidogo katikati ya nyasi, masikio ameyalaza mgongoni, na silaha zake zote ni macho, masikio na miguu. Watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi, kana kwamba wameambiwa mapema kwamba duniani hapa hakuna muda wa kulelewa. Wa pili ni sungura wa kufugwa. Asili yake ni Uhispania na Ureno, na huku kwetu aliletwa na Wazungu. Ukoo wake huishi mashimoni, na watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba.

Waingereza wana majina mawili yasiyochanganywa. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalo neno kitungule, lakini nani amelisikia likitumika sokoni Sotik au Kapkatet? Wakipsigis, kwa upande wao, wana Kiplengwet. Huyo ndiye wa hadithi, na bibi akimtaja jina hilo hakuna mtoto angeuliza habari za kizimba. Swali la mpwa wangu lilizaliwa pale hadithi ilipohama kutoka lugha ya bibi hadi Kiswahili cha shuleni, ambacho kina neno moja tu, na neno hilo limeshachukuliwa na mnyama wa nyuma ya jikoni.

Mtu atasema haya ni mambo ya wanabiolojia. Sivyo. Tabia ya Sungura wa hadithi imetoka moja kwa moja kwenye maisha ya sungura wa porini. Mnyama asiye na shimo, asiye na pembe, asiye na meno ya kutisha, anayelala mahali wazi huku fisi akipita hatua chache kutoka kichwani pake, hana budi kuishi kwa kufikiri. Ukimtia kizimbani umemwondolea kila kitu kilichomfanya awe mjanja. Kizimba kina paa, chakula huletwa, na adui aliyebaki ni mmoja tu, yule yule anayeleta chakula.

Sasa fungua vitabu vya hadithi vinavyouzwa madukani utazame michoro. Mara nyingi utamkuta mweupe, macho ya waridi, karoti mkononi. Karoti! Sungura wa masimulizi yetu huiba karanga, kunde, asali na maji ya kisima. Karoti na koti ni za ukoo mwingine, ukoo wa Peter, sungura wa Beatrix Potter aliyechapishwa Uingereza mwaka 1902 akiwa na koti lake la buluu. Sina ugomvi na Peter. Kile ni kitabu kizuri mno. Lakini Peter ni mtoto mtundu aliyekatazwa na mama yake kuingia bustani ya watu, akaingia, akakiona cha mtema kuni, akarudi nyumbani kulazwa kitandani. Funzo lake ni kwamba mtoto amsikilize mama. Sungura wetu hana mama wa kumkataza. Ana njaa, na ana majirani wakubwa kuliko yeye.

Wanavyomvalisha siku hizi

Wazo la kumleta mnyama wa hadithi katika maisha ya leo si baya. Masimulizi yamekuwa yakifanya hivyo siku zote. Msimulizi hodari huingiza barabara, askari na shilingi katika hadithi ya kale na hakuna anayelalamika. Ninachokosoa ni namna linavyofanywa. Nikipitia vitabu vya watoto, naona Sungura anaangukia mojawapo ya hatima tatu.

Ya kwanza ni kufanywa mwanafunzi bora. Sungura ananawa mikono, anapanda miti, anavuka barabara penye alama, anawahi shuleni. Mambo haya ni mema, nami namtakia kila mtoto ayafanye. Lakini mhusika huyo angeweza kuwa bata, kondoo au Juma. Jina Sungura limebaki kama nguo iliyoanikwa, mwenyewe hayumo.

Ya pili ni kuvalishwa usasa. Sungura ana simu, miwani ya jua, pengine anaendesha bodaboda. Watoto hucheka ukurasa wa kwanza. Kufikia wa tano wanagundua kwamba simu haifanyi kazi yoyote katika kisa. Ingeondolewa, kisa kingebaki vile vile. Huo si usasa, ni mapambo.

Ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi: Sungura huadhibiwa kwa kuwa Sungura. Anajaribu hila, hila inamgeukia, anaomba radhi, wanyama wote wanamsamehe, mwisho. Mtindo huu una historia ndefu shuleni. Mbweha wa Esopo, aliyeshindwa kuyafikia matunda akayasingizia ubichi, alipoingia katika Kiswahili cha darasani aligeuka sungura. Vizazi kadhaa vimekariri kushindwa kwake. Na wa mbio zake na Kobe hakuna asiyemjua. Mwalimu aliyemtaka Sungura awe onyo alikuwa na mifano tele ya kuchagua.

Shida ya hatima hizi tatu ni moja. Zote zinamtazama Sungura peke yake. Zinasahau kwamba Sungura hana maana bila Simba, Fisi na Ndovu.

Sheria ya hadithi

Chukua kisa nilichokuwa nikimsimulia mpwa wangu. Kimo katika mkusanyiko wa George Bateman wa ngano za Zanzibar, uliochapishwa Chicago mwaka 1901. Sungura anagundua mti wenye asali, na mti huo ni mali ya Simba. Anamshawishi Buku, kisha siku nyingine Kobe, wapande nao wakale. Simba anawafumania, na kila mara Sungura anaponyoka kwa maneno. Hatimaye Simba anakwenda kumvizia nyumbani kwake, anaingia na kujificha ndani. Sungura akirejea anaona dalili asizozipenda. Haingii. Anasimama nje na kuisalimu nyumba. Kimya. Anashangaa kwa sauti: kila siku nyumba hii huitikia salamu yangu, leo imekuwaje? Basi kuna mtu ndani. Simba, asije akagunduliwa, anaitikia salamu kwa niaba ya nyumba. Sungura anacheka na kwenda zake.

Chukua kingine, kutoka kwa Wamaasai, majirani wa Wakipsigis. Alfred Hollis alikiandika katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu lugha na ngano za Wamaasai. (Mwaka huo huo kikosi cha Waingereza kiliivamia Sotik kikaua watu wengi, mkono mmoja wa serikali ulikuwa ukiandika hadithi za wanyonge huku mwingine ukiwafyatulia risasi.) Katika kisa hicho ndovu wanasafiri na mfuko wa asali. Sungura anaomba kubebwa mgongoni. Huko juu anaila asali, kisha anaomba apewe mawe ya kuwatupia ndege. Mawe hayo anayatia mfukoni mahali pa asali. Ndovu wanaendelea na safari, mzigo una uzito ule ule, hawana habari.

Visa hivi vina sheria moja: mdogo humshinda mkubwa, na humshinda kwa kutumia ukubwa wenyewe. Simba anaponzwa na kiburi cha kudhani nyumba ya mdogo inaweza kuwa na desturi za kipumbavu. Ndovu anaponzwa na mgongo wake mpana, usiosikia mzigo ukibadilika. Hata ushindi wa Kobe unaifuata sheria hiyo hiyo, maana mbele ya Kobe, Sungura ndiye mkubwa. Kwa hiyo hadithi haimtukuzi Sungura kama Sungura. Inamtukuza aliye chini.

Ndiyo maana alivuka bahari na kuishi. Waafrika waliouzwa utumwani Marekani walikwenda na masimulizi ya aina hii, na katika mashamba ya pamba na tumbaku ya Kusini yakaendelea kusimuliwa. Joel Chandler Harris, mwanahabari Mzungu wa Georgia, aliyachapisha mwaka 1880 kama maneno ya mzee aliyemwita Uncle Remus, na hapo Sungura akaingia vitabuni akiitwa Brer Rabbit. Harris alimfanya mzee huyo mpole wa kumpendeza bwana. Sungura hakufanyika mpole. Wasikilizaji wa asili walijua vizuri Dubu na Mbweha walisimama badala ya nani.

Kwa hiyo tukiuliza kama Sungura ataweza maisha ya kisasa, tukumbuke kwamba ameshawahi kuishi kwenye shamba la mtu mwingine, akiamshwa na kengele ya mtu mwingine. Usasa kwake si jambo geni.

Ujanja, werevu na ujanja ujanja

Kabla hatujampandisha matatu ya Sotik, tuliangalie neno analobebea sifa. Kiswahili kina msururu wa maneno hapa. Akili na hila yametoka Kiarabu. Akili ni uwezo, hila ni mbinu. Werevu ni akili iliyochangamka, na kwa kawaida ni sifa. Ulaghai na utapeli ni lawama tupu. Katikati yao pamekaa ujanja, ambao haujaamua uko upande gani.

Bibi akisema “huyu mtoto ni mjanja” anasifu. Polisi akisema hivyo hivyo kuhusu mshukiwa, hasifu. Mtaani vijana huambiana, “Kuwa mjanja, usikae fala,” maana yake fumbua macho, usionewe. Lakini lirudie neno uone linavyogeuka. “Hiyo tenda ilikuwa na mambo ya ujanja ujanja.” Hapo hakuna tena sifa. Ujanja mmoja ni wa mtu anayetafuta njia ya kutoka. Ujanja ujanja ni wa mtu aliye ndani tayari, anayeifunga njia kwa wengine.

Naona Wakenya wameupanga upambanuzi huu vizuri kuliko vitabu vya watoto. Anayesema “ujanja ujanja” mara nyingi anamsema mwenye cheo, dalali, mwenye mizani. Ni ujanja uliohama kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Na hapo ndipo maisha ya leo yanapomtatiza Sungura kwelikweli. Zamani Simba alikuwa na meno na Sungura akawa na maneno, kila mtu na chake. Siku hizi Simba ana vyote viwili. Ndovu amejifunza mchezo wa mawe na asali, na mfuko unaobadilishwa ni wa mdogo.

Sasa tumlete Sotik

Ashuke basi stejini, aangalie huku na huku. Atalala wapi? Michai hukatwa na kusawazishwa usawa wa kiuno ili ichunike, na chini yake ni kivuli na majani makavu. Si nyasi, lakini panafaa. Tatizo ni kwamba kila baada ya siku kadhaa watu hupita mstari kwa mstari wakichuna majani mawili na chipukizi lake. Sungura atajifunza ratiba yao. Hiyo ndiyo hila yake ya kwanza, nayo ni ya kazi: kujua zamu za wakubwa.

Akienda kituo cha kupimia majani atakuta mizani, karani na foleni. Mwenye shamba dogo hulipwa kiasi fulani kila mwezi kwa kilo alizopeleka, halafu husubiri bonasi ya mwisho wa mwaka. Bonasi hiyo ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo deni la dukani. Nayo haijulikani mpaka itangazwe, na wakulima wa upande huu wa Bonde la Ufa wamelalamika mara nyingi kwamba yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Hapa mwandishi wa watoto ana hadithi mezani, haihitaji miwani ya jua. Mfuko umejazwa asali alfajiri. Ukifika mwisho wa safari, una nini? Mtoto wa Sotik ataielewa hadithi hiyo haraka kuliko profesa.

Kisha simu. Tangu pesa zianze kutumwa kwa simu mwaka 2007, Fisi hahitaji tena kuvizia njiani. Anapiga tu. Bonasi ikitangazwa, anajua kuna wenye furaha na wenye haraka. Hebu tumpe Sungura simu hiyo, lakini tuipe kazi.

“Halo, naongea na Sungura? Hapa ni ofisi ya bonasi. Jina lako liko na shida kidogo. Nitumie namba yako ya siri tukurekebishie sasa hivi, ama pesa irudi.”

“Asante sana, mkubwa,” anasema Sungura. “Lakini leo mbona hujaimba?”

“Kuimba?”

“Ofisi ikinipigia huwa inaanza na wimbo. Ndiyo najua ni ofisi. Kama hakuna wimbo, nitajuaje si mtu mwingine?”

Kimya kidogo. Halafu Fisi anakohoa, na sauti yake nzito inaanza kuimba.

Utaona kwamba sijabuni chochote. Ni nyumba ile ile ya Zanzibar inayosalimiwa. Hila ni kutaja desturi isiyokuwepo kisha kungoja anayejifanya aifuate. Aliye wa kweli atasema hakuna wimbo kama huo. Wa uongo ataimba. Mtoto akiielewa hila hii amepata kitu cha kumfaa maisha yake yote, tena bila ubao wa kuandikia “Mafunzo tunayopata”. Kisa kilichonukuliwa zaidi ya karne iliyopita kilikuwa tayari kinazungumzia tatizo la leo: nitajuaje kwamba sauti ninayoisikia ni ya yule anayejitaja? Mwandishi wa kisasa hakuhitaji kukibadilisha. Alihitaji kukisoma.

Mahali asipoweza

Nikiishia hapo nitakuwa nimemsifu mno. Sotik na Kericho zina mnyama mmoja ambaye sijui Sungura angemfanyaje: mashine ya kuchuna chai. Mashine hufanya kazi ya mikono mingi, haiumwi mgongo, haiombi ruhusa ya kwenda kliniki. Kwa kampuni ni hesabu ya gharama. Kwa anayechuna kwa kilo ni mlo. Mwezi Mei 2023 hasira hiyo ilifoka katika Kaunti ya Kericho: mashine zilichomwa na maisha yakapotea.

Sungura hachomi Ndovu. Katika ngano, yeye huomba kubebwa. Kwa lugha ya leo angetafuta kazi ya kuiendesha mashine, na huenda angeipata, maana ni mwepesi wa kujifunza. Sawa. Lakini mashine moja ina nafasi ya Sungura wangapi? Wale waliokuwa wakichuna pembeni yake jana wamekwenda wapi?

Hapa ndipo ujanja wa mtu mmoja unapogonga mwamba. Hila huokoa ngozi moja, hailipi ujira wa kijiji. Na jambo la kuheshimika ni kwamba masimulizi yenyewe yanalijua hilo. Kuna hadithi inayosimuliwa Afrika Mashariki nzima kwa sura nyingi: ukame umeingia, wanyama wanakubaliana kuchimba kisima, Sungura anakataa kufanya kazi. Kisima kikitoa maji anakuja usiku kuyaiba. Anawapumbaza walinzi wakubwa mmoja baada ya mwingine. Anayemnasa ni Kobe, aliyejipaka ulimbo na kukaa kimya majini. Wapokezi wa hadithi hiyo walimpenda Sungura, lakini hawakumruhusu anywe bila kuchimba. Walijua ujanja ukigeuzwa dhidi ya waliochimba pamoja, huwa umeshakuwa ujanja ujanja.

Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo tunachokihitaji tunapotathmini kitabu chochote cha Sungura wa kisasa. Sijali sana kama ana simu. Nauliza: hila yake inamwelekea nani? Ikiwa inamwelekea Simba, ni Sungura. Ikiwa inawaelekea wachimba kisima, mwandishi awe na ujasiri wa kumleta Kobe. Na ikiwa kitabu hakina Simba wala kisima, kina mnyama mwenye masikio marefu tu, basi kimepoteza mti na karatasi.

Nina sababu ya kulisema hili sasa. Mtaala wetu unawataka watoto wapate umilisi wa kufikiri na kutatua matatizo, na kila shule inatafuta vitabu vya kusoma vya kutimiza hilo. Hofu yangu ni kwamba tutawachapishia maelfu ya Sungura wa kizimbani: weupe, wapole, wamelishwa, wanaojua kunawa mikono na wasiojua kuisalimu nyumba kabla ya kuingia. Watoto hawa ndio watakaopigiwa simu na Fisi. Ndio watakaosimama mbele ya mizani. Wengine wao ndio watakaoshika mizani yenyewe, na hao wanamhitaji Kobe zaidi kuliko mtu yeyote.

Narudi jikoni kwa dadangu. Swali la kizimba nililijibu hivi: Sungura huyo hakuwa na kizimba, wala hakuwa wa mtu. Alilala nyasini, na kila usiku alikuwa anasikiliza. Mpwa wangu alifikiri kidogo. “Na mvua ikinyesha?” Nikamwambia alinyeshewa. Hilo halikumfurahisha, lakini aliniruhusu niendelee mpaka mwisho, na Simba alipoitikia salamu ya nyumba alicheka hadi akakohoa.

Baadaye nilitoka nje kuangalia kama maji yameingia kizimbani. Sungura wote wanne walikuwa wakavu, wamejikunyata pembeni. Niliporudi nilikuta mlango wa jikoni umefungwa kwa ndani. Nikabisha.

“Mlango, hujambo?” sauti ikauliza.

“Sijambo,” nikajibu, bila kufikiri.

Nilinyeshewa dakika nzima kabla hawajamaliza kucheka.